Kila Taka na Mchukuaji Wake: Mwongozo wa Kupunguza Taka Katika Mitaa ya Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa baada ya mji huo kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, nyumba zimeota Nzuguni, Ilazo, Mkonze na Nkuhungu kwa kasi ambayo magari ya taka hayakuweza kuifuata. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoa una watu zaidi ya milioni 3, na ndani ya jiji pekee zaidi ya laki saba na nusu. Taka za watu hao, zikibahatika kukusanywa, hupelekwa kwenye dampo la kisasa la Chidaya. Zisizobahatika huishia kwenye makorongo, kwenye viwanja visivyojengwa, au kwenye moto wa jioni nyuma ya nyumba.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa shina, kiongozi wa kikundi cha akina mama au kijana yeyote anayetaka mtaa wake uzalishe taka kidogo kuliko sasa. Msimamo wake ni kwamba watu hawaachi kutupa ovyo kwa sababu wamehubiriwa. Huacha pale kila aina ya taka inapokuwa na mtu anayeisubiri. Kampeni nyingi huanzia upande usio sahihi. Hugawa fulana na kofia, hupanga ndoo tatu za rangi tatu, wajumbe wa kikao hunywa maji ya chupa huku wakilalamikia chupa, kisha gari la taka linafika na kuzimwaga ndoo zote tatu ndani ya bodi moja. Mkazi akishaona hivyo mara moja, itachukua muda mrefu kumshawishi atenganishe tena.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kusema

Chagua kaya kumi hadi kumi na tano zinazowakilisha hali halisi ya mtaa: nyumba ya familia moja, nyumba ya wapangaji wengi, mama lishe mmoja, duka moja, na angalau kaya moja inayofuga. Waombe waweke taka zao zote za wiki nzima katika viroba mtakavyowapa, na mkusanye kila siku ili zisianze kunuka. Tandika turubai mahali penye kivuli, vaa glavu na viatu vilivyofunika mguu, mwaga, chambua, kisha pima kila fungu kwa mzani wa kuning'iniza kama ule wanaotumia wanunuzi wa mazao. Mafungu ya kutosha ni haya: mabaki ya chakula, maganda na majani, plastiki ngumu, plastiki laini, karatasi na maboksi, chuma na bati, chupa za kioo, nepi na taulo za kike, majivu na mchanga, na taka hatari kama betri, sindano, wembe na dawa zilizokwisha muda.

Fungu la mwisho kabla ya taka hatari, yaani mchanga, huwashangaza wengi, ingawa ni jambo la kutarajiwa katika mji ambao ua mwingi ni wa udongo mtupu na hufagiliwa kila asubuhi. Mchanga hauna kosa lolote, lakini unalemea mkokoteni, unachosha wasukumaji na unamfanya mkazi alipie usafirishaji wa udongo wa uani kwake. Kushauri watu waokote taka kwanza, kisha wafagie na kuuacha mchanga pale pale, kunapunguza uzito bila kumgharimu mtu hata senti. Fungu kubwa kuliko yote, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, litakuwa la vitu vinavyooza, na mara nyingi litapita nusu ya taka zote. Ndilo linalonuka, ndilo linaloita nzi, na ndilo linalochafua karatasi na chupa ambazo zingeweza kuuzwa. Ukilitoa hilo, kazi iliyobaki inakuwa nyepesi na safi.

Andika matokeo kwenye daftari na uandike pia msimu. Taka za Februari, wakati wa mahindi mabichi, si sawa na za Septemba.

Hatua ya pili: watafute wachukuaji

Ukiwa na orodha ya mafungu, zunguka mtaani na mitaa ya jirani ukiuliza nani anahitaji nini. Dodoma ni mji wa wafugaji, na hapo una bahati ambayo miji mingine haina. Mwenye nguruwe atachukua mabaki ya ugali na wali. Mwenye ng'ombe wa maziwa au mbuzi atachukua maganda ya viazi, ya ndizi na ya matikiti, majani ya kabichi na mabua ya mahindi mabichi, ilimradi yasiwe yamechanganyika na mifuko. Sisitiza sharti hilo. Mnyama aliyekula plastiki laini hukonda, tumbo likavimba, akafa polepole, na mchinjaji yeyote wa mbuzi atakueleza alichowahi kukuta ndani ya tumbo. Mabaki ya nyama na chakula kilichovunda yasipewe mifugo. Hayo yana nafasi yake kwenye shimo la mboji, yakifukiwa vizuri chini.

Wanunuzi wa chuma chakavu hawahitaji kutafutwa, kwani wanapita wenyewe. Wanaokusanya chupa za plastiki huuza kwa kilo, na bei hubadilika, kwa hiyo waulize wawili au watatu kabla ya kuwaahidi wakazi chochote. Wauzaji wa maziwa, asali na mafuta ya alizeti hutumia chupa zilizokwisha kutumika, lakini wapewe zile zilizokuwa na maji ya kunywa pekee, tena zilizooshwa, na kamwe isiwe chombo kilichowahi kubeba dawa ya mimea au mafuta ya taa. Wenye vitalu vya miche wanahitaji makopo na mifuko migumu ya kuoteshea. Maboksi huhitajika madukani. Kwa kila mchukuaji andika jina, siku anayoweza kuja, na hali anayotaka mzigo wake uwe.

Fungu lisilopata mtu lizungushie duara kwenye daftari. Tutalirudia.

Hatua ya tatu: peleka hoja kwenye mkutano wa mtaa

Zungumza kwanza na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha na afisa afya wa kata, ili wote watatu waijue hoja kabla haijafika hadharani. Wajumbe wa mashina ndio watakaobeba kazi yenyewe nyumba kwa nyumba, kwa hiyo wasiisikie mara ya kwanza wakiwa mkutanoni pamoja na kila mtu.

Mkutanoni, anza na matokeo ya mzani. Onyesha kiroba cha mchanga, kiroba cha maganda na kiroba kidogo kilichobaki, na uwaache watu waone wenyewe. Kisha mpe nafasi mtu ambaye taka zimemgusa: aliyepoteza mbuzi, aliyeingiwa na maji ndani kwa sababu mfereji ulizibwa na chupa mvua za Januari zilipoanguka, au mama mwenye mtoto anayekohoa kila jirani anapochoma takataka. Epuka kumtaja aliyetupa. Wazee wa Kigogo, wenyeji wa ardhi hii, waheshimiwe kwa kupewa neno mapema, si mwishoni kama kufunga shughuli, maana wengi wao walikulia katika nyumba ambamo kibuyu kilishonwa kilipopasuka, samadi ilirudi shambani na mabua yakawa chakula cha ng'ombe. Kwao jambo hili si geni. Ugeni ni ule wa mfuko.

Maazimio yasizidi matatu, na yaandikwe kwenye muhtasari. Kwa mfano: kila nyumba itenganishe taka mbichi na kavu; hakuna kuchoma plastiki; hakuna kutupa korongoni. Mtaa usijitungie faini zake, kwa sababu faini hutozwa chini ya sheria ndogo za Halmashauri ya Jiji na si kwa kunyoosha mikono mkutanoni. Mkihitaji nguvu ya sheria, mwiteni afisa afya aeleze iliyopo.

Nyumba za wapangaji zinahitaji mazungumzo yake. Pale vyumba sita vinapotumia ua mmoja, ndoo ya wote huwa si ya mtu. Mwenye nyumba akubali kununua vyombo, na wapangaji wapange zamu kama wanavyopanga zamu ya kuosha choo, kisha zamu hiyo ibandikwe ukutani.

Hatua ya nne: vyombo viwili, na kopo moja

Usidai vyombo vitano. Kaya inahitaji ndoo yenye mfuniko kwa taka mbichi na kiroba cha kuning'iniza kwa taka kavu. Mfuniko ni wa lazima kwa ajili ya nzi, panya na kuku. Chini ya ndoo weka majani makavu au majivu kidogo ili yanyonye maji, na uimwage kila siku au baada ya siku mbili. Ndani ya kiroba kikavu huingia karatasi, maboksi, chupa na makopo yaliyosuuzwa kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Kutumia maji safi kusuuzia kopo, katika mji ambao mgawo wa maji unajulikana kila nyumba, hakuna maana.

Kopo la tatu, dogo na gumu, liwekwe juu ambapo mtoto hafiki, kwa ajili ya nyembe, sindano na betri. Likijaa, mjumbe aulize kituo cha afya au afisa afya kuhusu sindano kabla ya kulisogeza popote.

Hatua ya tano: mboji katika nchi kavu

Hapa ndipo juhudi nyingi zipelekwe, na hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za mvua inapotupotosha. Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na miezi inayobaki ni jua na upepo. Lundo la mboji lililojengwa juu ya ardhi hukauka kabla halijaoza, kisha mchwa huja kuligeuza kichuguu. Kiangazi, chimba shimo. Masika, jenga lundo juu, kwa kuwa shimo hujaa maji na kuanza kunuka.

Shimo la kaya moja au mbili linatosha likiwa na upana wa mita moja, urefu wa mita moja na nusu na kina kisichozidi mita moja, chini ya kivuli cha mti au ukuta, mbali na kisima na mbali na msingi wa nyumba. Panga tabaka hivi. Chini kabisa weka mabua ya mtama au mahindi, au vijiti, kiasi cha unene wa kiganja, ili hewa ipite. Juu yake weka taka mbichi za jikoni, kisha majani makavu au nyasi kwa ujazo ulio mara mbili au tatu ya taka mbichi, kisha samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, halafu udongo mwembamba na majivu ya kunyunyiza tu. Rudia mpangilio huo hadi shimo lijae. Samadi huleta vijidudu vya kuozesha, nao udongo huzuia harufu na nzi. Majivu yakizidi huharibu kazi, na majivu ya mkaa uliowashwa kwa plastiki yasitumike kabisa.

Kila tabaka limwagiwe maji yaliyooshea mchele, mboga au nafaka. Kipimo cha unyevu ni mkono: chukua konzi ya mboji, ikamue, ikitoa tone moja au mawili iko sawa, ikichuruzika imezidi, ikimomonyoka kama vumbi imekauka. Funika kwa mabua mengi na gunia kuukuu juu yake. Simika kijiti kirefu hadi katikati ya shimo na ukichomoe baada ya siku nne au tano. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, uozaji umeanza. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka, ongeza majani makavu na ugeuze. Joto la ndani linaweza kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi.

Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, vya nje viende ndani. Kugeuza na kulowesha ndiyo dawa ya mchwa, kwa kuwa mchwa hupenda pakavu pasipoguswa. Baada ya miezi mitatu hivi, au zaidi kidogo kama maji yalikuwa haba, utapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, ambacho huwezi kutambua ndani yake ganda wala jani. Kinachotambulika bado kirudishwe shimoni.

Mboji hiyo isingoje soko la mbali. Udongo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ni wa kichanga na hauhifadhi maji, na mboji husaidia hasa hapo. Weka debe moja kwenye shimo la mti wa kivuli au mwembe kabla ya kupanda, changanya kwenye tuta la mchicha na chainizi, na mwenye zabibu aizungushe pembeni mwa shina bila kuligusa. Maeneo yenye wakulima wa zabibu, kama Hombolo, Veyula na Makutupora, yana pia mabua, matawi ya kupogolea na makapi ya kukamulia. Makapi hayo yaingie shimoni kidogo kidogo pamoja na samadi, kwa kuwa yana uchachu.

Watu wakiuliza mbona wasifukie tu, wajibu kwamba kufukia kunaondoa uchafu machoni, ilhali mboji inampunguzia mtu gharama ya mbolea. Sababu ya fedha husikika vizuri kuliko ya usafi.

Hatua ya sita: zuia plastiki isiingie mtaani

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ndilo linalosimamia. Marufuku hiyo ilibadilisha sura ya miji ndani ya wiki chache. Hata hivyo, vifungashio vyepesi vya plastiki, vile vya kufungia karanga na viungo, vilirudi kwa mlango wa nyuma vikitumika kubebea nyanya na dagaa. Ndivyo utakavyoviona vimenasa kwenye miiba pembezoni mwa mji, upepo wa kiangazi ukivichana vipande ambavyo hakuna fagio litakaloviokota.

Njia inayofanya kazi ni kuzungumza na wauzaji wachache walio karibu zaidi na mtaa wenu, badala ya kulilaumu soko zima la Majengo au Sabasaba. Muuza mboga akubaliane na wateja wake kwamba anayekuja na kapu anaongezewa fungu dogo la kitunguu. Muuza genge aweke makapu machache ya kuazimisha kwa wateja anaowafahamu. Duka la mafuta ya kupima lipokee chombo cha mteja. Katika misiba na harusi za mtaa, ambako vikombe na chupa hutupwa kwa mamia ndani ya siku moja, kikundi cha akina mama kinunue sahani na vikombe vya kudumu na kuvikodisha kwa bei nafuu. Kati ya mapendekezo yote ya mwongozo huu, hilo ndilo lililo rahisi zaidi kujilipa lenyewe.

Hatua ya saba: yaliyozungushiwa duara

Sasa rudi kwenye daftari. Utakuta nepi za kutupwa, sponji, viatu vilivyokufa, vifuko vya sabuni na vioo vilivyovunjika. Hivi havina mchukuaji isipokuwa gari la jiji, kwa hiyo lengo ni viwe vichache na vifike Chidaya. Nepi zifungwe vizuri na ziwe katika kiroba chake. Mama anayeweza kutumia nepi za kitambaa, hata mchana tu, atapunguza mzigo na matumizi ya nyumbani pia. Kioo kifungwe kwenye boksi na kiandikwe, ili kisimkate mkusanyaji.

Visichomwe. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu, zikiwemo za jamii ya dioksini, zinazoingia mapafuni na kutua kwenye mboga na maji yaliyoachwa wazi. Wala visitupwe korongoni, kwa kuwa korongo la Dodoma, likavu sehemu kubwa ya mwaka, hugeuka mto kwa saa chache mvua ikipiga, na maji ya sehemu kubwa ya mji huelekea Mto Kinyasungwe Mdogo na bwawa la Hombolo, ambako watu huvua samaki na kumwagilia.

Kuhusu mkaa niseme kwa ufupi, kwa kuwa ni mada yake yenyewe. Vumbi linalobaki chini ya gunia lisitupwe: lichanganywe na udongo wa mfinyanzi kidogo au uji mzito wa muhogo, lifinyangwe na kukaushwa, nalo litachemsha maharage vizuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hadi hapo, jiko banifu linaokoa miti iliyobaki.

Hatua ya nane: kikundi, siku na hesabu

Kazi ya kukusanya isiachiwe hisani. Undeni kikundi cha watu watano hadi kumi, kisajiliwe, kifungue akaunti, na kizungumze na Halmashauri kuhusu utaratibu wa kukusanya taka katika mtaa wenu ili kisigongane na mkandarasi aliyepo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo wa mkokoteni au guta unaingia humo vizuri. Kabla ya mkopo, nunueni glavu, viatu na barakoa.

Pangeni siku zisizobadilika: taka mbichi mara tatu kwa wiki, kavu mara moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi nchini kote, itumike kwa mifereji na makorongo badala ya kufagia barabara ambayo ilishafagiwa. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ofisi ya mtaa kila mwezi, pamoja na kilo zilizouzwa na bei yake. Mwenye kikundi asiyetaka kubandika hesabu, abadilishwe mapema.

Baada ya miezi mitatu pimeni tena, kaya zile zile, turubai lile lile. Pimeni mara moja zaidi mvua zikishakatika. Kiroba cha taka mbichi kisipopungua, kabla ya kuitisha mkutano wa kuwakumbusha watu, nendeni mkayaangalie mashimo: mara nyingi mtakuta shimo limejaa na hakuna aliyeligeuza, au mfugaji aliyekuwa akichukua maganda amehamisha mifugo yake na bado hajapatikana mwingine.